Laptopu moja, ofisi mbili na nyumbani: nimechoka kubadili IP na proksi kila siku. Wenzangu mnafanyaje?

#1 Karani Msafiri
Wakuu, habari za jioni.

Nina laptopu ya kazini, Windows 10. Jumatatu mpaka Jumatano niko makao makuu Dodoma. Huko natumia waya, nimepangiwa IP (namba ya laptopu kwenye mtandao) ya kudumu 192.168.1.47, getwei (njia ya kutokea nje) 192.168.1.1, na kwenye proksi, ile mashine ya ofisi ambayo brauza inapitia kwenda intaneti, nimewekewa 192.168.1.5 mlango 3128. Alhamisi na Ijumaa napanda treni kwenda tawi la Morogoro. Huko waya pia, hakuna proksi, lakini IP nayo ya kupangiwa, 10.10.2.30. Nyumbani natumia hotspoti ya simu.

Kila nikihama lazima niingie kwenye mipangilio, nifute namba, niandike nyingine. Zote nimeziandika kwenye kikaratasi nilichobandika chini ya laptopu. Sasa kimechakaa, 1 na 7 hazitofautiani tena.

Kinachoniudhi zaidi ni nyumbani. Hotspoti inaonyesha imeunganishwa, nikipingi (kuiita mashine nione kama inajibu) 8.8.8.8 ya Google inajibu vizuri, lakini kurasa hazifunguki. Kuna siku zinafunguka zenyewe baada ya kama nusu saa, sijagusa kitu. Halafu Jumatatu nikirudi Dodoma inagoma mpaka niizime na kuiwasha mara mbili.

Hakuna namna laptopu ikajua yenyewe niko wapi?

#2 Pweza Mkavu
Nimekaa kiti cha mbele. Waje wenyewe.

#3 fundi_wa_Sabasaba
Proksi hiyo, wala usisumbuke. Unahama na waya, lakini proksi ya Windows haijali waya wala waifai, ukishaiweka inakufuata kila mahali. Pingi haipitii proksi, ndiyo maana 8.8.8.8 inajibu. Brauza ndiyo inayomtafuta 192.168.1.5, na chumbani kwako hayupo. Zima proksi. Uzi ufungwe.

#4 Bibi Swichi
Sabasaba, usifunge uzi wa watu. Amesema kuna siku kurasa zinafunguka zenyewe. Proksi iliyoko Dodoma itafikaje nyumbani kwake baada ya nusu saa?

Mimi naona DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Kwenye lile dirisha la IPv4 kuna jozi mbili za vitufe, juu za IP, chini za DNS. Watu wengi wanarudisha za juu, za chini wanazisahau na namba za ofisi. Kupingi kwa namba hakuhitaji DNS. Mleta mada, kesho pingi jina la tovuti, si namba, utuletee jibu.

#5 fundi_wa_Sabasaba
Bibi, na DNS ya ofisi nayo itafikaje nyumbani kwake baada ya nusu saa? Itapanda treni ya saa ngapi?

#6 Mzee wa Kebo
Vijana mnalalamika na mmekuta kitanda kimetandikwa. Enzi za Windows 98 ukibadili IP, mashine inakwambia uizime uiwashe ndipo ikubali. Nilikuwa na laptopu nzito kama tofali, naizungusha matawi manne. Kila tawi nafika, nabadili, naizima, naenda kunywa chai, narudi haijamaliza kuwaka. Windows 2000 ilipokuja ikatuondolea adha hiyo. Na intaneti yenyewe ilikuwa ya dishi, hapo kebo ya Seacom, ile ya intaneti ya chini ya bahari, haijafika pwani, ilikuja kufika 2009.

Sasa sikiliza. Kwenye IPv4 chagua kupata IP yenyewe. Ukichagua hivyo kinatokea kichupo cha pili kimeandikwa "Alternate Configuration". Kipo tangu XP, watu hawakifungui. Andika humo namba za Dodoma. Nyumbani itapokea yenyewe, ofisini itachukua za humo. Nimeishi nacho miaka.

#7 Karani Msafiri
Mzee shikamoo. Nimekiona! Miaka yote hii sikujua kama kipo. Shida nina ofisi mbili na kichupo ni kimoja.

#8 pengwini_mweusi
Nyie bado mko Windows?

Kwenye Linux yenye NetworkManager (programu ya kusimamia mitandao) kila mtandao una profaili yake. Waifai inajijua kwa jina lake, ina IP yake, DNS yake. Kwa waya unatengeneza profaili mbili halafu ukifika unaandika:

`nmcli con up dodoma`
`nmcli con up moro`

Neno moja. Hakuna kikaratasi.

#9 Pweza Mkavu
Kila uzi wa Windows lazima atokee mtu wa Linux. Kama yule mgeni wa harusi ambaye hajachangia, ila sahani yake ndiyo inayoongoza kwa mlima.

#10 Bibi Swichi
Mzee wa Kebo, naomba nikusahihishe kidogo kwa heshima zote, maana kijana atapotea. Kichupo hicho hakijui kama uko ofisini. Laptopu ikichomekwa inapaza sauti: nani anagawa IP hapa? Akijibu yeyote, inachukua ya huyo. Wote wakinyamaza, ndipo inafungua kichupo cha pili. Usipoandika kitu humo inajipachika namba ya 169.254, ile ambayo ukiiona unajua leo hakuna kazi.

Kwa hiyo siku mtu akichomeka ruta ya waifai ya wageni kwenye swichi ileile ya Dodoma, nayo ikaanza kugawa IP, kichupo chako hakitaguswa tena. Na kuna ile kusubiri: laptopu inaita, inasubiri, inaita tena. Kwenye XP nilikuwa nahesabu karibu dakika nzima.

#11 Mzee wa Kebo
Marahaba, Karani.

Bibi Swichi, sahihisho nimelipokea. Matawi yetu hayakuwa na wa kugawa IP, ndiyo maana kwangu kilikuwa kinakubali. Ila dakika nzima hapana, kwangu zilikuwa sekunde chache.

#12 Bibi Swichi
Sekunde chache za mtu aliyezoea kwenda kunywa chai.

#13 binti_pangani
Hahaha, Mzee kapatikana.

Karani, achana na vichupo. Mimi nina faili mbili kwenye deski, nabofya moja nikifika kazini na nyingine nikirudi. Fungua Notepadi, andika hivi, hifadhi kama dodoma.bat:

`netsh interface ip set address name="Ethernet" static 192.168.1.47 255.255.255.0 192.168.1.1`
`netsh interface ip set dns name="Ethernet" static 192.168.1.5`
`reg add "HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Internet Settings" /v ProxyEnable /t REG_DWORD /d 1 /f`

Hapo DNS nimebahatisha, weka uliyopewa. Moro.bat unabadilisha namba na ile 1 ya proksi unaifanya 0. Nyumbani.bat iwe:

`netsh interface ip set address name="Ethernet" dhcp`
`netsh interface ip set dns name="Ethernet" dhcp`
`reg add "HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Internet Settings" /v ProxyEnable /t REG_DWORD /d 0 /f`
`ipconfig /flushdns`

Bofya kulia, endesha kama msimamizi. Jina "Ethernet" liwe lile unaloliona kwako. Langu lilikuwa "Ethernet 3", nilihangaika siku nzima bila kujua. Baada ya kubadili funga brauza uifungue tena.

#14 Karani Msafiri
Asante sana dada. Hii nimeielewa. Laptopu ni ya ofisi, akaunti yangu ni ya kawaida, ila nywila ya msimamizi nilipewa, nimeiandika kwenye kikaratasi kilekile.

#15 fundi_wa_Sabasaba
Subiri kwanza. Nywila ya msimamizi imebandikwa CHINI YA LAPTOPU? Laptopu inayopanda treni kila wiki?

#16 Pweza Mkavu
Tuwekee picha ya hicho kikaratasi, tukusaidie kutofautisha 1 na 7.

#17 Msimamizi Mchovu
Nimesoma #14 nikahisi shinikizo la damu linapanda. Mimi ndiye mtu wa TEHAMA, si wa ofisi yako, lakini nyie watumiaji ni walewale.

Kabla sijasema langu: binti_pangani, skripti yako ni nzuri ila kwa Karani ina shimo. Yeye ana akaunti ya kawaida, ataendesha faili kwa nywila ya msimamizi. Ile HKCU, yaani mipangilio ya mtumiaji anayeendesha faili, hapo itakuwa ya msimamizi, siyo yake. Atazima proksi ya mtu ambaye hayupo, yake itabaki imewaka. Mstari wa reg autenge kwenye faili yake, auendeshe kama yeye mwenyewe bila haki za juu. Mistari ya netsh ndiyo inayohitaji msimamizi.

#18 binti_pangani
Duh. Kwangu akaunti yangu ndiyo ya msimamizi, sikulifikiria hilo. Shukrani mkuu.

#19 tunda_lililong'atwa
Kwenye Mac unatengeneza "Location" kwa kila mahali: Dodoma, Morogoro, Nyumbani. Kila moja inabeba IP, DNS na proksi zake. Ukishakuwa nazo zaidi ya moja unaziona kwenye menyu, unachagua, basi. Ukitaka kwa kuandika: `networksetup -switchtolocation Dodoma`.

#20 Pweza Mkavu
Sasa wamefika wote. Bado wa kishikwambi.

#21 Kijana wa Githurai
Wadau, mimi niko Nairobi, nafunga kamera za usalama na mashine za kulipia madukani. Kwa siku moja naweza kuingia mitandao mitano. Kwa huyu 192.168.1, kwa yule ruta ya MikroTik na 192.168.88 yake, mwingine 192.168.0. Ningekuwa na kikaratasi kingekuwa daftari.

Natumia NetSetMan. Ina vichupo vya profaili, kila moja IP, DNS, proksi, hata printa chaguo-msingi. Naifungua, nabofya, nimeingia. Ila mjue toleo la bure si la matumizi ya biashara, ofisi yako ikiwa na wakaguzi itabidi walipie.

Njia nyingine watu husahau: Windows inakubali IP zaidi ya moja kwenye kadi moja ya mtandao. Kwenye IPv4 ingia "Advanced", ongeza ya pili. Mimi kadi yangu ya waya ina tatu. Nikifika kwa kamera sibadilishi kitu.

#22 Bibi Swichi
Githurai, kwako inafaa kwa sababu unaongea na kamera iliyo mezani. Karani anataka kutoka nje. Akiweka IP mbili ataweka na getwei mbili, na getwei mbili kwenye kadi moja ni kama nyumba yenye baba wawili. Siku nyingine atapita, siku nyingine pakiti zitaelekea 10.10.2.1 huku yeye yuko Dodoma.

#23 Kijana wa Githurai
Hiyo ni kweli, getwei naacha moja tu. Lakini mama, mfano wa baba wawili umenimaliza.

#24 Msafiri wa Matrah
Salaam kutoka Maskati. Sheikh Karani, mbona mnahangaika na laptopu peke yake? Laptopu iacheni ipokee yenyewe kila mahali, Dodoma, Morogoro na nyumbani. Mwambie mtu wa mtandao aandike kwenye seva ya kugawa IP kwamba kadi yenye MAC fulani (namba ya utambulisho ya kadi yenyewe) ipewe .47 siku zote. Yeye anapata IP yake ya kudumu, na wewe huna cha kubadili. Hapa kazini kwetu tuko hivyo, na sijafungua lile dirisha mwaka wa tatu sasa.

Ila ukitumia waifai, uhakikishe ile "anwani za kadi za kubahatisha" imezimwa kwa mtandao wa ofisi. Ikiwaka, laptopu inajibadilisha sura na seva haikujui.

#25 Karani Msafiri
Hiyo ndiyo ninayoitaka! Tatizo ni kumshawishi mtu wetu. Nikimwambia chochote ananiuliza kama nimeizima na kuiwasha.

#26 fundi_wa_Sabasaba
Hawawezi kukubali. Hawa watu wa TEHAMA wanapenda IP ya mkono ili ubaki unawaita. Kwetu nimeomba kitu hichohicho tangu mwaka jana.

#27 Msimamizi Mchovu
Sabasaba, ngoja nikueleze kwa nini tunapenda IP ya mkono, halafu uniambie nani anamwita nani.

Sheria za proksi tumeziandika kwa IP. Uhasibu waone benki, wengine wasione. Ikitokea hoja ya ukaguzi naulizwa nani alikuwa .47 siku ile saa ile. Nina jedwali, najibu. Ile ya kusajili MAC ni nzuri, mimi binafsi naiunga mkono, lakini kuna ofisi seva ya kugawa IP ni ruta ndogo ya dukani. Siku ikiungua, orodha yote imeungua nayo.

Na ninyi mkipewa ruhusa ya kuandika namba wenyewe mnafanya nini? Kuna bwana mmoja alichanganya visanduku viwili. Kwenye IP yake akaandika 192.168.1.1, ya getwei. Ghorofa nzima ikapoteza intaneti, maana mashine za watu zinamtumia barua yeye badala ya ruta. Nilitembea meza kwa meza saa mbili nzima. Nikamkuta amekaa kimya, ananiambia "hata mimi kwangu haifunguki".

#28 Pweza Mkavu
Naomba huyo bwana ajitokeze kwenye uzi huu. Hatutamcheka.

#29 Mzee wa Kebo
Si mimi.

#30 Msimamizi Mchovu
Tuendelee. Upande wa proksi kuna dawa ya zamani, tangu Netscape 1996: faili la PAC. Ni maandishi mafupi yanayoiambia brauza ipite wapi:

`function FindProxyForURL(url, host) {`
`if (isInNet(myIpAddress(), "192.168.1.0", "255.255.255.0"))`
`return "PROXY 192.168.1.5:3128; DIRECT";`
`return "DIRECT"; }`

Yaani: ukijikuta una IP ya Dodoma pita kwa proksi, ikikataa nenda moja kwa moja. Ukiwa kwingine nenda moja kwa moja. Liwekwe kwenye seva ya wavuti ya ofisi, usiliweke kwenye diski yako, maana Windows 10 haitaki PAC ya kutoka kwenye diski. Nyumbani brauza isipolipata itaendelea bila proksi.

#31 pengwini_mweusi
Mchovu, hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza, ruta nyingi za nyumbani nazo ni 192.168.1. Siku Karani akinunua ruta, PAC itamwona yuko Dodoma. Wa pili, `myIpAddress()` kwenye mashine yenye kadi nyingi inaweza kurudisha IP yoyote. Mimi nina VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, ilikuwa inanirudishia 192.168.56.1.

#32 Msimamizi Mchovu
Kweli yote mawili. Ndiyo maana niliweka ile "; DIRECT" mwishoni, angalau atachelewa badala ya kukwama.

Halafu mmenikumbusha kitu. Kwa kawaida ya PAC, proksi isipojibu brauza inaiweka kando kwa dakika 30 kabla ya kuijaribu tena. Firefox ina kipimo hicho kabisa, sekunde 1800. Karani anasema nusu saa. Nusu saa!

#33 Bibi Swichi
Hesabu inapendeza, lakini soma tena #1. Kwa maelezo yako angepata mtandao dakika 30 halafu ukwame. Yeye anakwama kwanza halafu unafunguka. Ni kinyume. Na yeye ana proksi ya kuandika kwa mkono, haina pa kukimbilia.

#34 Msimamizi Mchovu
Niachieni usiku huu niitafakari.

#35 Kisamvu cha Nazi
Mimi si mtaalamu, niko kwenye uzi kwa sababu ya kucheka. Lakini naomba niulize: ofisini masasisho ya Windows yamezuiwa kwenye proksi? Kwangu ilikuwa hivyo. Wiki nzima mashine ina kiu, nikifika nyumbani nikaiunganisha na hotspoti inaanza kunywa. Nusu saa ya kwanza hakuna kinachofunguka, ikishiba kurasa zinakuja. Na bando limekwisha.

#36 Karani Msafiri
Bando! Wakuu, nanunua GB 5 Jumatano usiku, Alhamisi asubuhi naambiwa sina kitu. Nimewahi kugombana na mtoto wa dada yangu kwa ajili hiyo.

#37 Kisamvu cha Nazi
Kamwombe msamaha mtoto wa watu. Ingia kwenye sifa za ile hotspoti, washa "metered connection". Unaiambia Windows kwamba hapa maji ni ya ndoo, siyo ya bomba. Mpangilio huo unakaa na jina la hotspoti, ofisini hauhusiki.

#38 fundi_wa_Sabasaba
Maelezo mazuri ila pingi ingekuwa inasuasua. Yeye amesema inajibu "vizuri". Mimi bado niko kwenye proksi.

#39 Bibi Swichi
Nami bado niko kwenye DNS. Karani, jibu la pingi ya jina liko wapi?

#40 Karani Msafiri
Samahani Bibi, nilikuwa safarini. Majibu haya hapa, nimejaribu siku mbili.

Jana usiku: 8.8.8.8 inajibu, jina halijibu kabisa. Nikaangalia, DNS ya ofisi ilikuwa imebaki, tena kwenye kadi ya waifai. Sikumbuki nilipoiweka huko. Nimeiondoa.

Leo usiku: jina linajibu, kurasa hazifunguki. Proksi ilikuwa imewaka. Nimeizima, zimefunguka.

#41 Pweza Mkavu
Bibi na Sabasaba wote wameshinda. Soda zigawanywe nusu kwa nusu.

#42 Bibi Swichi
Na ile ya kufunguka zenyewe?

#43 Karani Msafiri
Hiyo haijatokea tena tangu niwashe alichosema Kisamvu. Lakini ni siku mbili tu.

#44 Kisamvu cha Nazi
Mimi soda yangu iwe ya tangawizi.

#45 Kijana wa Githurai
Kwa wenye Windows 11: ukiingia kwenye mitandao inayojulikana, kila jina la waifai lina sifa zake, IP na DNS unaziandika humo na zinakaa na mtandao huo peke yake. Kwa hiyo kwa waifai hili tatizo limeshapungua. Karani, Windows 10 yenyewe Microsoft waliiacha Oktoba 2025, mwambie bosi.

#46 fundi_wa_Sabasaba
Kwangu ya 11 nilibadili sehemu moja ikabadilika kwa waifai zote.

#47 Kijana wa Githurai
Uliingilia kwenye sifa za kadi, siyo sifa za mtandao. Milango miwili inafanana, iko ukurasa mmoja.

#48 fundi_wa_Sabasaba
Sina hakika. Nitaangalia.

#49 Msimamizi Mchovu
Nimerudi. Nusu saa imenishinda, Kisamvu kachukua. Lakini ile ya Jumatatu nina wazo. Karani, Alhamisi na Ijumaa nani anakaa kwenye meza yako Dodoma?

#50 Karani Msafiri
Kuna kijana wa mafunzo kwa vitendo. Anakuja na laptopu yake, anatumia waya wangu. Kwa nini?

#51 Msimamizi Mchovu
Na IP alipata wapi?

#52 Karani Msafiri
Nilimpa mimi. Nilimwambia atumie yangu, si siku hizo sipo.

#53 Pweza Mkavu
Nimedondosha simu.

#54 Bibi Swichi
Jumatatu asubuhi yeye bado amechomeka mahali, wewe unafika na .47 yako. Windows ikikuta namba ina mwenyewe inajitoa. Unazima, unawasha, kijana kafunga laptopu kaenda kupiga kopi, unaingia. Inaweza kuwa hivyo.

#55 Mzee wa Kebo
Au ni tundu la swichi linalochelewa kuamka. Niliwahi kuona hivyo, mtambo haupitishi kitu kwa nusu dakika baada ya kuchomeka waya. Msimhukumu kijana.

#56 Msafiri wa Matrah
Au swichi imefungwa kwa MAC, ikishaizoea ya kijana inamkataa Karani kwa muda.

#57 Karani Msafiri
Kijana kasema Jumatatu hachomeki, anatumia waifai ya wageni. Ila alivyosema hakuniangalia usoni.

#58 Bibi Swichi
Wakati mnachunguza, nikupe njia ya wavivu, bila skripti wala programu. Windows inahifadhi mipangilio ya IP kwa kila kadi. Nunua adapta ya USB ya kuchomeka waya. Waya wa Dodoma chomeka kwenye tundu la laptopu lenye namba za Dodoma. Morogoro tumia adapta yenye namba za Morogoro. Waifai iache ipokee yenyewe. Hubadilishi IP tena. Itabaki proksi, ambayo ni kitufe kimoja.

Angalizo: baadhi ya adapta za bei rahisi zikihamishiwa tundu jingine la USB Windows inaziona ni ngeni, unaletewa "Ethernet 4" tupu. Tumia tundu lilelile siku zote.

#59 Karani Msafiri
Nimenunua. Moro leo imekubali mara ya kwanza, sijagusa namba hata moja! Bibi Swichi Mungu akuzidishie. Kikaratasi nimekibandua, nywila nimeihamishia kichwani.

#60 fundi_wa_Sabasaba
Kichwani au kwenye simu?

#61 Karani Msafiri
Kwenye simu.

#62 binti_pangani
Na ile adapta uliweka namba za Moro kabla ya kwenda au ulifika nazo?

#63 Karani Msafiri
Niliweka nyumbani. Sasa nina swali la wiki ijayo: nimeshuka Dodoma usiku huu, natafuta adapta kwenye begi siioni. Nadhani imebaki kwenye treni, kwenye ule mfuko wa kiti cha mbele. Kuna anayejua vitu vilivyosahaulika vinachukuliwa wapi?

#64 Pweza Mkavu
Ungeibandika chini ya laptopu.